Kaseti ya Watu wa Chuma Uliyoniomba

Abu Dhabi,
Ijumaa, siku ya kupumzika.

Kwako mdogo wangu Kyalo,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Natumaini wewe, mke wako na watoto mnaamka salama, na kwamba mvua imeikumbuka Kalamba hata kama ni ya kulowesha vumbi tu. Mimi sijambo, kadiri mpishi wa kambi ya vibarua mia mbili anavyoweza kuwa hajambo. Mgongo unauma na mikono inanuka vitunguu hata siku ya mapumziko. Mama bado anakohoa? Katika barua yako hukulitaja hilo, nami nakujua, usilolitaja ndilo lililopo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema biashara ya video hapo sokoni inakwenda vizuri, umepata jenereta mpya na watu wanajaa. Unasema baba amezeeka, hatoki sana, na watu wa rika lake bado wanamwita Kapteni kwa sababu ya ile sinema ya watu wa chuma. Ukaandika, "Nitafutie hiyo kaseti, kaka. Nataka kumpatia mzee siku moja ya furaha. Atashika maikrofoni atafsiri kama zamani, soko lote likimsikia." Uliandika vizuri, Kyalo. Wewe ndiye uliyesomeshwa.

Kaseti nimeipata. Mhindi mmoja mwenye duka la video alikuwa nayo chini ya rafu, ina vumbi, akanipa karibu bure kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa akiiazima. Niliwatangazia wenzangu kambini siku tatu nzima kwamba wataona sinema. Ilipoanza nilitamani ardhi inimeze. Watu wa chuma si wa chuma, ni karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya fedha, na mmoja akigeuka unaiona zipu mgongoni. Chombo chao cha kutoka nyotani kinaning'inia kwenye uzi, na uzi wenyewe unaonekana. Jiwe wanalojificha nyuma yake ni lilelile moja mwanzo hadi mwisho. Rodel, Mfilipino ninayekata naye nyama, alicheka akashika tumbo. Yeye amezoea hizi mpya, ambazo chuma ni chuma na moto unaunguza. Sinema ya mapenzi ikizeeka mtu huivumilia, maana mapenzi hayana mwaka. Hii ilijigamba kutuambia habari za kesho, na kesho imefika ikaiumbua. La kuvunda halina ubani.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, kwa hivyo nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu najua nyumbani haisemwi. Gari la sinema la kampuni ya sabuni lilikuja sokoni. Mwenye gari hakujua Kikamba, na sinema ilikuwa ya Kizungu, akauliza nani atasaidia. Watu wakamsukuma baba mbele kwa sababu alikuwa na koti la jeshi na alikuwa amefika Burma wakati wa vita vya Wazungu. Huko Burma alimenya viazi, lakini koti halikusema hivyo, na Kizungu alichokijua ni cha kufokewa. Akashika maikrofoni akatafsiri sinema nzima bila kusita. Tangu hapo watu wakamwita Kapteni, na gari likija linaanza kumtafuta yeye.

Maneno ya mwisho unayajua, kila mtu Kalamba anayajua. Jemadari wa watu wa chuma, waliokuja kuiba maji ya dunia, amevunjika miguu, na askari kijana amemsimamia na bunduki. Hapo baba anashusha sauti: "Sisi pia tulikuwa na mto. Ukakauka. Tukaanza kufukuzana kisimani, ndugu kwa ndugu, na siku tulipomnyima mtoto wa jirani maji, ndiyo siku ngozi zetu zilianza kuwa chuma." Ulikuwa mwaka wa ukame. Wanawake walilia. Mchungaji aliyahubiri maneno hayo Jumapili.

Mimi nilikuwa darasa la saba, na mwalimu wangu alikuwa akinisifu kwa Kizungu. Gari lilipokuja mara ya tatu nilisimama karibu na spika nikamsikiliza jemadari mwenyewe. Nikasema kwa sauti, kama mtoto aliyefurahi kujua jibu, "Baba, hajasema mto. Amesema betri yake imeisha."

Soko lote likacheka. Baba aliimaliza sinema. Hakunipiga. Tulipofika nyumbani alimwambia mama, mimi nikisikia, "Kijana akishajua kushinda babake, mwalimu atamfunza nini? Huyu amemaliza shule."

Mama akasema, "Lakini mtihani uko karibu, baba Nzioka."

"Mbuzi zetu kule Tseikuru kwa ndugu yangu haziulizi mtihani," akajibu.

Jumatatu nilikuwa njiani. Watu walipoona nimetolewa shule wakasema basi mtoto ndiye aliyekosea, na ukapteni ukabaki kwake. Nilichunga miaka sita. Wale mbuzi waliouzwa ili wewe uende sekondari walitoka kwenye kundi nililolifukuzia fisi mimi. Sikuambii ili unishukuru, nakuambia ili ujue anayekuandikia ni nani.

Sasa nimeisikiliza kaseti kwa Kizungu cha mtu mzima. Nilikuwa sahihi. Jemadari anasema betri yake imeisha, na kwamba wenzake watarudi kutuua sote. Basi. Hakuna mto, hakuna kisima, hakuna mtoto wa jirani. Na si hapo tu. Katika sinema nzima hakuna hata sentensi moja ya baba iliyomo.

Kuna jambo limeniudhi, na sina mwingine wa kumwambia. Wenzangu walipolala mchana niliiweka tena peke yangu, nikazima sauti, nikajikuta nayasema maneno ya baba kwa Kikamba toka mwanzo. Sikukosa hata moja. Zipu sikuiona tena. Nilipofika kwa jemadari nililia, na wakati uleule nilikuwa namchukia baba kwa moyo wangu wote. Kumbe Rodel alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza nilikuwa nasema nini, nikamtafsiria. Hakucheka. Akasema hiyo ndiyo sinema ambayo wangepaswa kuitengeneza. Nikamwambia aliyeitunga ni mwongo mmoja wa kwetu, nikarudi jikoni kuloweka dengu.

Kwa hivyo usidhani nimeituma bila kufikiri. Kaseti itakufikia pamoja na barua hii kwa mkono wa Mkamba mwenzetu anayerudi. Fanya onyesho siku ya soko. Mkaribishe mwalimu mkuu na wanafunzi wake wa kidato cha nne, uwakalishe mbele. Hao wanajua Kizungu, na watoto wa siku hizi hawanyamazi. Mpe baba kiti kizuri na maikrofoni. Fungua sauti ya kaseti hadi mwisho. Jemadari akianguka usizime jenereta, wala usijifanye waya umekatika. Waache wawasikie wote wawili, jemadari na baba. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na yeye aonje.

Unaweza kukataa. Unaweza kuitupa chooni na kuniandikia kwamba imepotea njiani, nami sitakuwa na la kubisha. Lakini barua umeshaisoma. Kila watakapomwita Kapteni, wewe utakuwa umekaa kando yake ukijua, ukitabasamu, ukimsaidia kudanganya hadi siku ya kumzika. Mimi nilisema ukweli nikiwa na miaka kumi na mitatu. Sasa ni zamu yako, na wewe una diploma.

Msalimie mama sana. Dawa ya kifua iko ndani ya kitambaa pamoja na kaseti, ainywe yeye, asiwagawie majirani. Msalimie dada yetu Ndunge na mumewe fundi wa baiskeli. Msalimie mkeo, na huyo mwanao mliyempa jina langu mwambie asome. Mwalimu wangu wa darasa la saba, kama bado yu hai, aambiwe kwamba niko.

Baba naye atakuuliza habari zangu. Atauliza kwa kupita tu, akitazama upande mwingine, iwapo maneno ya jemadari bado ninayo kichwani. Mwambie nimekuandikia kwamba niliyasahau yote.

Ni mimi kaka yako,
Nzioka