Tarumbeta ya Baba Mkwe

Jumamosi, Bigwa. Mvua ilianza alfajiri, ikatulia mchana, na hata sasa milima bado imejifunika ukungu hadi kiunoni. Nguo nilizoanika juzi hazijakauka. Sijali. Leo nina furaha mpaka vidole vinakosea herufi.

Niandike haya yakiwa bado ya moto.

Lakini lazima nianze na aibu yangu. Wiki mbili zilizopita nilimdhalilisha baba mkwe wangu mbele ya kwaya nzima. Sikumtukana. Nilisema maneno manne tu.

Mzee Anselmi tunaishi naye tangu mama mkwe alipofariki. Ujana wake wote aliupitisha kwenye bendi ya jeshi, akipiga tarumbeta. Tarumbeta yenyewe iko chumbani kwake, juu ya kabati, imefungwa kwenye kitenge cha marehemu mkewe. Mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya yetu. Mwalimu wa kwaya alipotunga wimbo mpya wa shukrani, akasema utanoga ukiwa na tarumbeta. Nikamwalika mzee kwa mbwembwe zote. Nikampa karatasi ileile ya nota tunayotumia sote.

Alikuja amenyoa, amevaa koti. Akapiga.

Ilikuwa vurugu. Kila nota yake iligombana na kinanda changu. Mwimbaji mmoja wa besi akacheka, na wengine wakamfuata. Mzee akashusha tarumbeta, akasema kwa upole, "Mama Tumaini, karatasi hii si ya tarumbeta."

Nami, mbele ya watu thelathini, nikamjibu: "Baba, nota ni nota."

Akapangusa chombo chake, akaaga, akaondoka kwa miguu. Jioni nikamwambia mume wangu kwamba masikio ya mzee yamechoka. Nilisema kwa huruma, kama mtu mwenye uhakika.

Tangu siku hiyo tarumbeta haikushuka kutoka juu ya kabati.

Sasa, leo. Wimbo unaimbwa kesho kwenye misa, na sauti ya kwanza wamelalamika wiki nzima kwamba uko juu, wakifika kwenye kiitikio wanapiga yowe badala ya kuimba. Mwalimu akanipigia simu asubuhi: "Dada, tushushie ngazi moja. Toka F uende E flati."

Zamani kazi hiyo ningeifanya kwa penseli na kifutio, siku mbili. Siku hizi kuna programu ya kuandika nota kwenye kompyuta. Unachagua wimbo wote, unabofya unakotaka uende, na nota zote zinashuka kwa pamoja, kama ndege wanaotua kwenye waya wa umeme. Ilinichukua muda mfupi kuliko kubandika maharage.

Nilipomaliza nikapata wazo. Niongeze mstari wa tarumbeta, niusikilize kwenye kompyuta, angalau nijue wimbo ungekuwaje. Nikachagua tarumbeta kwenye orodha ya ala, nikanakili sauti ya kwanza, nikaibandika kwenye mstari wake.

Programu ikagoma. Au ndivyo nilivyodhani. Wimbo wote ulikuwa E flati, flati tatu, zile alama za kushusha nota, mwanzoni mwa kila mstari. Tarumbeta peke yake ilikuwa na flati moja, na nota zake zimepanda ngazi moja juu ya wenzake. Nikafuta, nikabandika upya. Vilevile. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Vilevile.

Kwa hasira nikabofya kitufe cha kusikiliza, nisikie hiyo vurugu.

Hakukuwa na vurugu yoyote. Tarumbeta na kwaya walikwenda sambamba, safi, kama wamenyonya ziwa moja.

Nikachukua karatasi ya zamani, ile niliyompa mzee, nikaiweka kando ya kioo cha kompyuta. Nota za tarumbeta zilikuwa zilezile za kwenye karatasi. Nota kwa nota.

Ndipo nikaelewa. Tarumbeta ya aina hii ukisoma C, sauti inayotoka ni B flati. Imeundwa hivyo. Daima inasikika ngazi moja chini ya kilichoandikwa, kwa hiyo mpigaji lazima aandikiwe karatasi yake, ngazi moja juu. Siku ile mzee alisoma karatasi yetu bila kukosa nota hata moja. Sisi tulikuwa F, yeye akasikika E flati. Hakuwa amekosea popote.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Tofauti ileile mwanzo hadi mwisho wa wimbo, na sikuiona!

Nilipiga kelele peke yangu sebuleni. Maharage niliyobandika jikoni yakashika chini, nayo nikayaacha. Nikakimbia steshenari ya njia panda na kompyuta chini ya koti la mvua, nikachapisha kurasa mbili, nikarudi nimezificha kifuani kama mtoto.

Mzee alikuwa uani chini ya bati, anatia mpini kwenye jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuinua macho.

Nikampa karatasi. Akaweka jembe chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Nikaona vidole vitatu vya mkono wa kulia vinaanza kubonyeza hewa.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi, baba. Siku ile ulisema kweli. Mimi ndiye sikujua, halafu nikakujibu vibaya mbele za watu. Naomba unisamehe."

Nilitegemea aseme hamna neno, kama wazee wengi wasemavyo. Hakusema hivyo.

"Nilikasirika," akasema. "Wiki mbili nimekasirika. Juzi ulipopika makande nikaacha nusu sahani, ukaniletea dawa ya tumbo. Sikuwa na tumbo mimi. Nilikuwa na hasira."

"Kwa nini hukunieleza?"

"Nilikueleza. Hukusikia."

Nilikosa pa kuweka uso. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha puani, akarudi kwenye karatasi. Akagonga katikati ya ukurasa kwa kucha. "Na hapa napumua wapi? Kinanda hakina mapafu, mama. Mimi ninayo, tena ya kizee. Nikatie hapa na hapa."

Nikakata alipoonyesha. Nikarudi steshenari mara ya pili, nikicheka njiani kama mwehu.

Mazoezi yalianza saa tisa. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba msamaha wa uani unatosha. Hautoshi. Maneno yale niliyasema mbele ya watu, na uani hapakuwa na watu. Kabla hatujaanza nikasimama kwenye kinanda, nikawaambia: "Wapendwa, wiki mbili zilizopita Mzee Anselmi alipiga sawasawa. Karatasi niliyompa mimi ndiyo haikuwa yake. Aliniambia, nikambishia. Mlimcheka kwa kosa langu."

Yule besi aliyecheka akainama kufunga kamba za viatu vyake. Viatu havina kamba. Mzee mwenyewe akasema, "Basi, basi, tuimbe, giza litatukuta hapa."

Tukaimba.

Sijui nieleze vipi. Sauti ya kwanza walipanda kiitikio bila yowe, na juu yao tarumbeta ikatanda, nyororo, haigombani na mtu. Mikono ilinisisimka hadi nikasahau kubadilisha vidole kwenye kinanda, nikapitiliza, na hakuna aliyenisikia kwa sababu wote walikuwa wanamsikiliza yeye. Tulipomaliza, mwalimu wa kwaya alivua miwani akaifuta. Akina mama wa sauti ya pili ndio waliopiga vigelegele.

"Tena," akasema mzee.

Tulirudia mara nne. Ya tano tukamkatalia, midomo yake ilikuwa imevimba.

Tukiwa tunakunja karatasi akaniita pembeni. "Mama Tumaini, ule utangulizi unaoupiga kwenye kinanda. Ungekuwa wa tarumbeta, je?"

Nikiri na hili, kwa kuwa leo ni siku ya kukiri. Utangulizi ndio sehemu pekee ya wimbo ambapo kanisa zima linanisikia mimi, bila waimbaji, bila ngoma. Huwa naufanyia mazoezi kuliko kitu kingine chochote. Nilisita, naye akaniona nikisita.

Lakini nimeshauandika. Nimetoka kuubandika kwenye mstari wake sasa hivi, nikauwekea nafasi tatu za kupumua, nikaunakili kwa penseli, na karatasi iko mezani chini ya kikombe chake cha chai. Kesho misa ikianza nitakaa kwenye kinanda, mikono nimeiweka mapajani, nisubiri zamu yangu.