Kadi Zako Bado Zinasomwa

Baba,

Mtoto amelala, nguo ziko kwa beseni, na badala ya kufua nimeketi kukuandikia. Kichwa yangu haijatulia tangu utusalimie kwa redio.

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Mtangazaji akasoma vile husoma zote: kadi inatoka kwa Mzee Mawimbi wa Kitengela, anamsalimia mke wake mpendwa, binti yake na mjukuu wake, ujumbe anasema tuko pamoja. Baba, tulikuzika mvua ikianza. Sasa mahindi imefika magoti. Mama aliweka ungo chini akaongeza sauti, na mimi nikabaki nimesimama na mtoto mgongoni, sijui nicheke ama nikimbie.

Baadaye ndio nilifikiria. Ni zile kadi za salamu ulikuwa unajaza kwa meza, halafu unapeleka posta fungu zima. Zimerundikana studio zikingoja zamu.

Lakini tangu siku hiyo Mama hatoki saa ya salamu. Kliniki yake ya presha Kajiado iligongana na kipindi, akakataa kwenda. Dawa ziliisha. Miguu ikafura. Ndugu yangu akasema nitoe mawe ya betri kwa redio nifiche, nikamwambia Mama si mtoto.

Nikaamua kumweleza vile ulinielezea mimi. Mtu anaongea kwa maikrofoni Nairobi, sauti inageuzwa stima, stima inapanda mlingoti na kurushwa hewani ikiwa mawimbi, kama maji ya tangi ukitupa jiwe. Stesheni zote zinaita pamoja. Ukizungusha kutafuta moja, redio inafanya kama ndama za jirani yetu jioni: ng'ombe wote wanalia bomani, na kila ndama inasikia mama yake tu. Redio ikishika wimbi lake inalivua sauti, spika inatetemeka, tunasikia. Hakuna mtu ndani. Ungenisikia ungefurahi.

Mama akaniuliza, na hilo wimbi likishatupita, linaenda wapi?

Wewe ulisema linaenda tu, linapungua nguvu lakini hakuna wa kuliambia simama. Sasa hiyo ningemwambia aje mjane? Hata mimi sielewi. Kitu haina waya, haionekani, inapita ukuta na mabati, na inaleta jina langu. Hata nani alianza hii maneno sijui. Wewe ulisema ni Mwitaliano. Mwalimu wangu akasema kulikuwa na Mrusi na Mhindi pia, na ukakasirika, ukasema basi huyo mwalimu aje afunge antena yetu.

Nikaona nimwambie bila kuzunguka. "Mama, Baba amekufa. Hizo kadi ni za zamani."

Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. "Kwani nani alimfunga tai ya kuzikwa? Najua amekufa. Sijui tu zimebaki ngapi. Na kama ya mwisho itasomwa nikiwa kwa foleni ya kliniki?"

Lakini miguu ilikuwa imefura, Baba, na hiyo singeiacha. Nikamwambia kliniki tutaenda, na redio itaenda.

Jana tukaenda. Mama alikaa kwa benchi na redio kwa mapaja, ameifunika leso, antena imetoka nje kama shingo ya kuku. Alijaribu kuweka sauti chini. Mzee mmoja akamwambia, "Mama, ongeza, hata sisi tuko na watu." Wote wakanyamaza kusikiliza. Zikasomwa za Ngong, za Loitokitok, za watu wanapenda salamu kama wewe. Yako haikutoka. Halafu nesi akaita jina la Mama. Akasimama, akaniwekea redio mikononi polepole, kama mtu anapeana mtoto.

"Shika vizuri," akasema. "Akiongea, unishikie maneno yote."

Akaingia. Presha iko juu lakini amepewa dawa, na leo asubuhi amemeza mbele yangu.

Lala vizuri, Baba. Sijui ulipeleka kadi ngapi, na wewe huwezi kuniambia. Nitampeleka Mama kliniki kila tarehe yake, apende asipende, na nitasikiliza mpaka ile ya mwisho, hata kama siku hiyo sitajua kwamba umemaliza.

Binti yako