Sharti la Tatu

Jumamosi, 29 Agosti 1970

Mhindi wa benki kaondoka! Karudi kwao Bombay na filimbi yake, na timu ya skuli imebaki haina mwalimu. Tangu alasiri wanaume wamejaa barazani kwetu hapa Darsait, Maskati, wanabishana nani ashike nafasi yake. Kaka Majid ndiye katibu wa timu, kwa hiyo kikao ni chetu na kahawa ni yangu. Naipika, naiacha mlangoni, narudi juu kwenye cherehani yangu dirishani. Hawanioni. Mimi nawasikia mpaka wakikohoa.

Kila mtu na mwalimu wake. Wako wanaomtaka Mbahraini wa kampuni ya mafuta. Mmoja anataka Mmisri — Mmisri gani? Hajui, lakini awe Mmisri. Bwana Marhoon kasema mwenye akili ya mpira atafutwe hata nje, maana tangu Julai, tangu mfalme mpya, vibali vya kuingia vinapatikana. Sauti ya Marhoon haihitaji ngazi kufika huku juu.

Huyu Marhoon kaniposa. Miezi miwili sasa. Ana lori, ndilo linalobeba timu. Ana binti wawili waliofiwa na mama yao, na tumbo linalomtangulia mlangoni. Si mtu mbaya. Na ndilo linalonichosha hilo, kuwa si mtu mbaya. Kaka kamwahidi jibu kabla ya Ramadhani.

Jumatano, 2 Septemba 1970

Tumefungwa tano bila. Uwanja wenyewe mawe matupu, wachezaji wamerudi magoti yanatoka damu. Barazani utadhani matanga. Birika limerudi nusu.

Ijumaa, 4 Septemba 1970

Niandike pole pole.

Aflah wa forodha karudi safari ya Mombasa. Hajakaa vizuri kaanza: kule yupo kocha wa skuli moja, mtu wetu wa Unguja, na timu yake haijafungwa mwaka mzima. Hapigi kelele, hapigi mtu. Jioni anatandika mkeka, anapanga kete za bao, kumi na moja huku, kumi na moja huku, na kila mchezaji lazima aoneshe kete yake itakwenda wapi.

Cherehani ikasimama. Nilijua kabla hajataja jina.

Anachechemea mguu mmoja, kasema Aflah, wanasema aliupata jela. Anaitwa Amur bin Thabit.

Hapo kaka Majid kadakia kwamba kahawa imepoa. Haikupoa! Ndiyo kwanza imetoka motoni.

Amur ni mume wangu. Alikuwa. Sijui niandike vipi! Mkeka ule ulikuwa chumbani kwetu, Malindi ya Unguja. Kete zake nilizifagia mara mbili, na mara mbili alizipanga upya bila kunikaripia. Akaniambia, Nasriya, umewafagia mabeki wote. Januari ya sitini na nne, siku za mapinduzi, walimchukua skulini. Mimi na kaka tukapanda meli kuja huku. Nikangoja miaka minne. Halafu akaja mtu hapa, akaapa kaliona kaburi lake kwa macho yake. Kadhi akasema nikae eda. Nikakaa, chumba hiki hiki, miezi minne na siku kumi, Shangazi Bi Mahbuba ubavuni. Nimemlilia mtu aliyekuwa akipanga kete Mombasa.

Yu hai. Amur yu hai. Naiandika nione kama itasimama kwenye karatasi.

Jumapili, 6 Septemba 1970

Mimi na kaka tumekula samaki, tumemsifu samaki.

Jumanne, 8 Septemba 1970

Leo ndiyo baraza! Aflah kasimama na Amur wake. Kaka kasimama na Mbahraini. Tangu lini kaka akampenda Mbahraini? Wiki iliyopita alisema hajui hata kurusha mpira. Leo kawa hodari. Na nani kaja kumtetea Amur? Marhoon!

Kaka: kiguru yule atakimbiaje na vijana?

"Lori langu nalo linachechemea, Majid," kasema Marhoon, "na ndilo linalokupelekeni uwanjani."

Wamecheka mpaka kikombe kikavunjika. Kaka kasema tena, mtu katoka jela, hatujui alifanya nini. Hapo Marhoon hakucheka. "Yakhe, nani hapa hakupoteza kitu mwaka ule? Ulifanya nini wewe, hata ukapanda meli? Mtu wetu yule. Aletwe. Nitakwenda mwenyewe kumpokea na lori, tena nitalikosha."

Masikini Marhoon! Anampigania mtu asiyejua ni nani. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, na gauni la watu limelala pale pale bila mikono.

Alhamisi, 10 Septemba 1970

Nimemkabili kaka. Nimemwuliza, ulikuwa ukingoja nini? Kasema alitaka kuhakikisha kwanza. Nikamwambia Aflah kataja jina, jina la baba, mguu na kete, uhakika gani unautaka zaidi? Akakaa juu ya kasha la nguo. "Nimekukalisha eda ya mtu aliye hai, Nasriya. Nikutazame kwa jicho gani?" Hasira nilikuwa nimeiweka siku sita nzima. Nikaitafuta, sikuiona.

Shangazi kasema kawasikia masheikh zamani: mume aliyepotea akirudi, hiari ni yake, amchukue mke au achukue mahari yake. Nikamwuliza, na mimi je, mimi ni kete? Kasema, "Mwanangu, ngoja kwanza uitwe, ndiyo ukasirike."

Kweli. Na kama kaoa? Miaka sita. Mwanamume wa miaka thelathini na nane, anajipikia? Nani anamfulia kanzu? Namtamani na namwonea wivu kwa mwanamke ambaye pengine hayupo.

Jumamosi, 12 Septemba 1970

Kumi na moja kwa wanne! Mbahraini kaanguka. Mimi nilihesabu sauti huku nimeuma kitambaa.

Kaka kaniletea karatasi, kama kawaida. Barazani wote wanajua katibu ana hati nzuri. Hati ni yangu. Ya kaka ni ya kuku. Kasimama kidogo, kasema, "Unaweza kukataa." Nikamwambia alete wino.

Nimeandika kama tulivyokuwa tukiandikiana kwetu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa Mwalimu Amur bin Thabit, baada ya salamu. Timu inakuhitaji. Mipira ipo miwili, lori lipo, uwanja una mawe. Kibali tutakishughulikia sisi. Zamani Amur akisema herufi zangu za kafu zina mkia wa paka. Ningeweza kuzikata. Nimeziacha na mikia yake. Jina langu sikutia, hakuna aliyeliuliza.

Jumatatu, 14 Septemba 1970

Barua imeondoka. Aflah kampa msafiri. Sina la kufanya.

Jumatano, 7 Oktoba 1970

Hakuna jibu. Barazani wanahesabu siku kuliko mimi. Atakuja kwa meli, atakuja kwa ndege, hatakuja, kachukuliwa na timu ya Mombasa kwa fitina. Marhoon kashaleta jezi, kijani, kumi na tano. Akiondoka kamvuta kaka pembeni, kumwuliza lile jambo lake. Kaka kasema Ramadhani bado. Nimemsikia Marhoon akisema, "Sina haraka, bwana. Mtu akiulizwa lazima aachiwe afikiri." Afadhali angetukana.

Jumapili, 18 Oktoba 1970

Tumefungwa tena, mbili bila. Watu wa Mbahraini wanatamba.

Asubuhi nilikwenda soko la Matrah na shangazi. Mbele yetu mwanamume mrefu, anachechemea. Nikamwacha shangazi penye ndimu. Nikamfuata yule mtu, mimi, mtu mzima, buibui linafagia vumbi, mpaka mlango wa duka la vitambaa. Akageuka. Mbalushi, na ndevu za hina. Nikanunua uzi nisiouhitaji.

Namtaka. Basi, nimeandika. Nakitaka kikohozi chake cha asubuhi, na ule mtindo wake wa kuuliza swali halafu kutazama pembeni ili usione haya kujibu. Marhoon angenitunza. Najua. Lakini nikimfikiria Marhoon nafikiria nyumba, na nikimfikiria Amur siwezi kukaa kitako.

Alhamisi, 29 Oktoba 1970

Jibu limekuja. Ramadhani inaingia kesho kutwa, na jibu limekuja leo!

Msafiri kampa Aflah barua, Aflah kaifungua hapo hapo barazani, mbele ya wote, kwa sauti ya kusoma hotuba. Mwalimu Amur anasalimu. Ana furaha. Ana masharti matatu. La kwanza, mchezaji asipigwe, hata akikosa penalti. Wakapiga makofi. La pili, apewe mkeka na kete. Makofi tena. Marhoon kasema kete zake mwenyewe atazitoa.

La tatu. Aflah alianza kusoma kwa kishindo, akamaliza taratibu.

"Barua yenu imeandikwa na mkono ninaoujua. Nilipotoka jela niliambiwa mwenye mkono huo kaolewa Maskati, nikanyamaza. Sitaki jibu la katibu. Aniandikie mwenyewe, kwa mkono ule ule: ana mume, au hana. Ikiwa anaye, mtanisamehe, mtafute mwalimu mwengine. Ikiwa hana, nakuja."

"Mkono gani?" kauliza Aflah. "Si wako huu, katibu?"

Nilifikiri kaka atasema kahawa imepoa. Kasema, "Ni wa dada yangu. Nasriya. Huyo Amur alikuwa mumewe. Tuliambiwa amekufa, nikamkalisha eda. Nilijua tangu Aflah aliporudi."

Nilitega sikio nimsikie Marhoon, na Marhoon husikika siku zote. Sikumsikia.

Kisha wakaanza, chini chini. Mmoja kasema jibu rahisi, hana mume, aandike hana, tupate mwalimu. Mwengine: rahisi kwa nani? Mtu kaposwa. Wa tatu: kuposwa si kuolewa. Wa nne kasema Mbahraini bado yupo. Walikuwa wanabishana juu yangu kama wanavyobishana juu ya bao la kuotea!

"Nyamazeni," kasema Marhoon. "Mtu hapigiwi kura. Mpelekeeni karatasi."

Kaka kaileta. Kasema, "Andika unavyotaka, mimi nitaipeleka kama ilivyo," kageukia ukutani asinitazame. Shangazi yuko mlangoni na tasbihi yake.

Naandika humu kwanza. Kwenye karatasi nimeshaandika Kwa Mwalimu Amur. Nimelifuta Mwalimu. Neno lililobaki ni moja, nalijua, herufi zake chache. Nikiliandika, kuna mtu chini atanyanyuka na kwenda kwake kwa watoto wake, na kesho atalikosha lori kama alivyoahidi. Hilo nalijua vile vile.

Hakuna aliyeondoka barazani. Hakuna aliyeomba kahawa. Kalamu nimeichovya mara mbili.

Marhoon anaita kutoka chini, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo. "Majid. Kaandika?"