Jina Ambalo Neema Haliiti

Jumatatu, 3 Machi

Balangdalalu tena, kwa bodaboda. Vumbi hadi kwenye meno. Nimekagua wanachuo wangu walioko kwenye mazoezi ya kufundisha. Wawili wazuri. Neema, hapana. Ameita mahudhurio darasa la tatu, kafika katikati, karuka jina. Mtoto alikuwa amesimama kabisa, mkono juu. Neema akamwangalia, akaendelea. Mwalimu mkuu anasema ni kila siku. Kwenye daftari, mtoto huyo, Gidamis, hajafika shule tangu Neema aje. Na yuko pale, mzima.

Nimemuuliza Neema kwa nini. Ameangalia chini. Nimechoka na huku kuangalia chini.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha wakufunzi. Sulle, mratibu wa mazoezi, anataka Neema aondolewe chuoni. Eti ni mzito, hana ujasiri, anabagua watoto. Wengine wameitikia kwa vichwa, wanawahi chai. Hakuna aliyewahi kukaa naye. Mimi ndiye mlezi wake, na nimemfokea tu. Nimeomba wiki moja. Sulle kacheka. "Wewe lea, sisi tunafundisha."

Nimekasirika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwita Neema, lakini si ofisini. Tumekaa nyuma ya jiko la chuo, juani. Safari hii nimemuuliza nini kinamzuia. Akasema:

"Mwalimu, yule mtoto ana jina la baba mkwe wangu. Siwezi kulitaja."

"Hata darasani?"

"Hata nikiwa peke yangu."

Ameolewa mwaka jana, kwa wafugaji wa Kibarbaig wa Hirbadaw. Kwao mke hataji jina la mkwe, wala neno linalofanana nalo. Mimi ni wa Mbulu, nimeishi na Wabarbaig jirani miaka yote, na sikujua kwamba jambo hili linamfuata mtu hadi ubaoni. Kumbe ndiyo maana kwenye maswali ya mdomo huwa anazunguka. Sisi tunakata alama.

Hasira haijaisha. Hata yeye ameniudhi. Ningekuwa mimi ningelitaja tu, yaishe. Lakini si mimi ninayerudi kwa wakwe.

Jumatatu, 10 Machi

Sulle: "Mila zibaki nyumbani. Akiajiriwa, atafundisha watoto wasio na majina?"

Swali si baya. Ndiyo maana limeniuma. Nimesema watoto wanaweza kujitaja wenyewe. Akasema huo ni mchezo. Tumepandishiana sauti hadi mkuu wa chuo akagonga meza. Uamuzi: Neema akaguliwe mara moja tu, Alhamisi, na Sulle mwenyewe. Akishindwa, arudi kwao.

Nilipomwambia, alisema, "Asante, mwalimu." Basi. Nilitamani apige kelele.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Barabara tope tupu, bodaboda imetuangusha mara moja. Sulle amefika na suruali yenye matope na uso wa kukomoa.

Neema hakugusa daftari kwanza. Amewasimamisha watoto mmoja mmoja, kila mtu ataje jina lake na kazi aliyofanya asubuhi. Huyu kakamua mbuzi, yule kachota maji. Gidamis akataja lake kwa sauti hadi darasa likacheka. Neema akacheka pia, akaweka alama: yupo. Kipindi cha kugawanya kikaenda vizuri. Vizuri kabisa.

Sulle kampa C. Maoni: apaze sauti. C! Nilitaka kumnyang'anya kalamu. Lakini Neema anabaki.

Jumamosi, 15 Machi

Neema amekuja nyumbani na maziwa ya mgando. Shikamoo, marahaba, karibu ndani. Tumeongea sana, hasa kuhusu yule mtoto. Anashika hesabu upesi, anasema. Akisaidiwa kusoma atafika mbali.

Alipoondoka ndipo nikagundua. Mazungumzo yote yale, mimi pia sikulitaja jina la yule mtoto. Wala sikuwa nimepanga.