Baba na Jeneza Fupi la Mnyonya Damu

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa kaka yangu Bonge,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Hujambo? Na wifi je, kile kifua kimemwachia? Watoto wanakula vizuri? Sisi huku wazima, na safari hii nikisema wazima sikufichi kitu. Hata Baba.

Unajua tulivyokuwa. Baba alilitengeneza jeneza la Mama kwa mikono yake, akatoka kuzika, akaifunga karakana yake ya useremala na funguo akazitia mfukoni. Akawa analala kwenye kochi, chumbani haingii. Watu walikuja kumpa pole kwa sauti za chini, yeye akaitikia "nimeshapoa", basi. Chakula anakigusa, hali. Mume wangu akanivuta jikoni akaniambia, "Mzee anatuondokea huku tunamtazama."

Ijumaa mchana nikasema liwalo na liwe. Nikamwekea sinema ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya vichekesho vya kuzikejeli zile za kutisha. Najua wewe unazidharau, unasema ni za kitoto. Umekosea, kaka, tena sana.

Zile zinaanza kutisha kweli: ukungu, mlango unalia, fidla inakuna mifupa. Mwigizaji hachekicheki wala hakonyezi. Mnyonya damu wake anatembea na heshima zake zote. Utamu uko hapo. Roho inakupanda kooni, halafu lile jitu linajikwaa kwenye joho lake lenyewe. Ukicheka, unakicheka kitu ulichokuwa unakiogopa sasa hivi. Kicheko hicho kinatoka mbali, si kama cha mtu aliyetekenywa.

Nilichosahau ni kwamba ndani yake mna jeneza. Likatokea pale kwenye kioo cha runinga. Nikairukia rimoti.

"Acha," akasema Baba.

Kunakucha, na mnyonya damu, mrefu kama mlingoti, anataka kulala jenezani mwake kabla jua halijamchoma. Jeneza fupi! Akikunja magoti, kifuniko hakifungi. Akijinyoosha, miguu nje. Mtumishi wake akampanda kifuani kumshindilia, wapi! Jua likaingia dirishani, vidole vya miguu vikaanza kufuka moshi.

"Fundi gani huyu?" Baba akafoka. "Hakumpima mteja!"

Akacheka. Kaka, alicheka hadi akashika mbavu, mume wangu akatoka bafuni na povu kichwani kuja kuona kulikoni. Kisha kicheko kikageuka kilio. Sikumbembeleza, nilikaa tu karibu yake.

"Mama yenu nilimpima mara mbili," akasema baadaye. "Niliogopa lisimtoshe."

"Lilimtosha, Baba."

"Lilimtosha," akasema. "Na lilikuwa zuri."

Basi ulimi ukafunguka. Kumbe walipokuwa wachumba walikuwa wakienda pamoja kuangalia sinema hizihizi! Mama alikuwa akijificha uso kwenye mkono wa shati la Baba, na jitu likianguka, yeye ndiye anayezomea kuliko ukumbi mzima. Ulikuwa unalijua hilo? Mimi sikulijua.

Siku hiyo alilala chumbani. Jana akafungua karakana. Hajatengeneza chochote, amefagia tu na kunoa randa, lakini alirudi na vumbi la mbao kwenye nywele na akaomba aongezewe chakula.

Sasa nisikilize, maana hili silisemi kwa kubahatisha. Usimpigie tena simu kwa ile sauti yako ya msibani. Mpigie, muulize habari za mnyonya damu na miguu yake, halafu wewe nyamaza. Mama atakuja mwenyewe ndani ya mazungumzo.

Wifi mpe salamu zangu, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Shemeji yako anakusalimu. Baba naye amepita hapa sasa hivi, anasema hajambo, na leo ni kweli. Mungu awape usingizi mwema na maamkio mema huko mliko.

Mdogo wako akupendaye kweli,
Chiriku