Namba ya Dada Nyanjige

Sapiwi, Bariadi
9 Februari

Kwako dada yangu Nyanjige,

Mwangaluka, dada. Amani ya Bwana iwe kwako na kwa nyumba ya mwanao Flora hapo Lamadi. Miguu bado inakuuma upepo wa ziwa ukivuma? Huku mvua tunazipata, pamba imepita goti. Baba Malimi anakusalimu, anasema samaki uliowatuma wamempa nguvu mpya ya kunigombeza.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimekaa chini na kalamu.

Unakumbuka siku ile tulipopimwa uwanja wa kanisa, uzito na urefu, wakatupa ile namba wanayoiita BMI. Mimi ishirini na mbili, wewe thelathini na moja. Nikaisoma mbele ya kikundi chetu cha palizi, mimi katibu, nikasema kwa afya yako usilime tena, ubaki kivulini ukitugawia maji ya kunywa. Wewe uliyeongoza mstari miaka yote, sisi wembamba tukihema nyuma yako. Wengine walicheka. Uliniambia neno moja tu: "Jembe hili ndilo lililokulea, Elina." Kesho yake ukapanda gari.

Basi nikaongoza mimi. Kiu ilikuwa inanishika, na kwenda haja ndogo kila saa. Nikasema ni joto. Jumanne ya wiki juzi nikaanguka kwenye tuta, shambani kwa Minza. Hospitali wakapima damu, sukari imepanda vibaya. Nikamwambia daktari haiwezekani, namba yangu ni nzuri. Alitabasamu. Akasema ile namba inajua kilo na urefu tu. Haijui ipi ni nyama ya kazi na yapi ni mafuta, wala mafuta yamekaa wapi, wala damu ina nini. Akanizungushia futi kiunoni, kwenye hili tumbo ninaloficha kwa kitenge. Akasema namba ni ya kuanzia, siyo ya kumalizia; mnene apimwe zaidi, na mwembamba naye asijidanganye. Sasa nameza dawa, ugali napimiwa na binti yangu Kabula kama mtoto.

Dada, sasa nikuambie lililonikosesha kupokea komunyo Jumapili mbili.

Siku ile wenye namba kubwa mlipimwa presha na sukari. Uliondoka kabla ya majibu kwenda kulisha ndama, nesi Nancy akanipa mimi karatasi yako nikupelekee. Akasema nikuambie kila kitu kiko sawa, na kazi ya jembe usiiache, ndiyo inayokusaidia. Upunguze tu mafuta ya kupikia na urudi kupimwa baada ya miezi sita. Nilisikia vizuri. Karatasi nikaikunja, nikanyamaza. Sikuwa nahofia afya yako. Nilitaka, hata msimu mmoja, na mimi nitangulie.

Nimeungama kwa padri. Jumatano nimeungama mbele ya kikundi pia, nikiwa nimesimama, hakuna aliyecheka. Karatasi yako nimeiweka humu. Isome mwenyewe.

Sikuombi urudi kwa ajili ya pamba. Daktari ameniambia nitembee kila asubuhi, na naogopa kuanguka peke yangu. Ukija, nitatembea nyuma yako.

Msalimie Flora, wabusu wajukuu. Mama wa Mbinguni akufunike.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Elina