Mota Iliyokwenda Kinyume

Nyumbani, ghorofa ya tatu
Jumamosi asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la saruji kimeshakuachia nafasi ya kulala. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ila cherehani yake imeanza kuruka mishono, na anasema ikiendelea na jeuri hiyo ataigeuza meza ya maua. Bibi hajambo, magoti ndiyo yanayomsumbua kwenye ngazi, lakini ulimi wake ni mzima kabisa. Amenituma nikuulize kama huko kwenye ujenzi wa daraja mnalishwa au mnaonyeshwa chakula tu.

Nina habari kubwa, nayo ni njema. Nakuambia mapema ili usisome kwa wasiwasi. Ndani yake kuna sehemu moja isiyo njema ambayo inanihusu mimi peke yangu, na nitaifikia.

Ulipoondoka uliniachia kazi ya kuchagua stendi yenye mota kwa ajili ya darubini yetu. Ulisema itanunuliwa moja tu, kwa hiyo nisikurupuke. Nilifuata ulivyonifundisha. Kwanza nilipanda kwenye mizani peke yangu, kisha nikapanda nimeikumbatia darubini pamoja na vikorokoro vyake vyote, nikatoa uzito wangu. Nikapata kilo sita na robo. Bibi alinikuta nimelikumbatia lile bomba akasema mke mwenzake amepata mchumba, tena mnene, na mbona hakuletwa kwanza sebuleni kusalimia wakubwa.

Kwenye duka la kamera kulikuwa na stendi mbili zinazoweza kubeba uzito huo. Ya kwanza ilikuwa na kompyuta ndani. Unabonyeza jina la sayari nayo inageuka yenyewe kuitafuta. Muuzaji aliisifia kama mtoto wake aliyefaulu mtihani. Ya pili ilikuwa na mota moja tu na haitafuti chochote. Unakitafuta kitu mwenyewe, na ukishakipata, mota inaisogeza darubini polepole kwa kasi ileile ya mzunguko wa dunia, ili kitu hicho kisitoroke kwenye kioo. Muuzaji alinishangaa. Alisema msichana mwenye maswali mengi kama mimi angetaka mashine yenye majibu mengi. Nilimjibu kwamba ile yenye kompyuta ina uzito wa kilo kumi na tisa, na kutoka mlangoni kwetu hadi juu ya paa kuna ngazi thelathini na nne, na mpandishaji ni mimi. Nikachukua ndogo.

Uliniandikia kwamba hukuelewa kwa nini nimekataa ile ambayo ingenionyesha vitu vingi zaidi. Uzito ulikuwa sababu mojawapo. Nyingine sikuisema. Unakumbuka kwamba miaka miwili yote Bibi akipanda paani huinama kwenye kioo mara moja na kusema, “Nimeona, mjukuu wangu, nimeona.” Basi mwezi uliopita, wakati anapanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua tano, niliifunika darubini mbele ili vumbi lisiingie. Alipofika, nikasahau kuifunua. Bibi akainama, akasema sayari ya Zohali inameremeta kweli leo.

Baba, kifuniko kilikuwa bado kimefunga!

Usiku nililala nikihesabu. Bila mota, Zohali hukatiza kwenye kioo kwa sekunde arobaini hivi. Bibi anahitaji dakika nzima kukaa sawa kwenye kigoda, kuvua miwani, kuilalamikia, na kumpata mtu wa kuishika. Inawezekana hakuwahi kuona chochote. Nawe unajua kwamba mwisho wa mwezi huu anahamia kwa Shangazi, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Ndiyo maana nilitaka kitu kimoja tu, Zohali itulie mpaka Bibi afike.

Stendi ilifika Jumatano ya wiki iliyopita. Niliifunga kwa mkono wangu, nikaulaza mhimili wake kuelekea kusini kwa dira, maana sisi tunaishi kusini mwa ikweta, nikaweka betri na kuwasha. Mota ikanguruma vizuri kama paka aliyeshiba. Nikaiweka Zohali katikati, nikamwita Mama aangalie. Alipoinama alisema anaona giza safi sana. Zohali ilikuwa imekwenda. Nikairudisha, ikaenda tena. Nilipima kwa saa ya mkononi mara sita na kuandika kwenye daftari: mota ikiwa imezimwa, sekunde arobaini, ikiwa imewashwa, ishirini. Yaani mota yetu mpya ilikuwa inaifukuza Zohali! Mama alisema huenda Zohali inaogopa ule mngurumo.

Nilicheka naye, halafu nikaenda bafuni nikalia. Nilidhani nimechagua kitu kibovu, na kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kunishangaa. Kwa siku tisa nilifungua na kufunga zile skrubu mpaka vidole vikaota malengelenge. Bibi aliniuliza kila jioni kama mchumba ameshapona ili apande kumwona. Nilimwambia bado kidogo. Nguo zake za kuhamia zilikuwa zimeshaanza kukunjwa.

Siku ya kumi niliitia mota kwenye kikapu nikampelekea Fundi Dakika, yule fundi saa wa chini, ambaye wewe husema anawatazama watu kama anatafuta pa kuwafungulia. Aliiweka sikioni muda mrefu. Akasema ndani ni nzima kuliko yeye mwenyewe. Nikabisha. Akaniuliza nina ushahidi gani, nikampa daftari. Alisoma ile arobaini na ile ishirini, akacheka mpaka kile kioo cha jichoni kikaanguka kwenye sahani ya vijino vya saa. Alisema mota mbovu inasimama, haikimbii, na zaidi ya hapo haikimbii kwa nusu kamili namna hiyo. Anga linakwenda upande huu, nayo inakwenda upande wa pili kwa kasi ileile. Kisha akaniuliza kile kitabu cha maelekezo kimeandikiwa watu wa wapi.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Kitabu kina kurasa thelathini na nane. Baba, mimi ninayesifiwa shuleni kwa kusoma swali mara mbili, nilikuwa nimesoma thelathini na moja, zinazowahusu watu wa kaskazini, nikadhani zilizobaki ni za dhamana. Ukurasa wa thelathini na tatu ulisema kwamba walio kusini mwa ikweta wafungue kifuniko cha betri na kusukuma swichi ndogo iliyo chini yake, kwa sababu kwetu mota inatakiwa kuzunguka kinyume. Nilisukuma kwa ncha ya pini ya Mama. Ilitoa mlio mdogo tu, tii.

Jana saa moja na nusu jioni, kulipoanza kuwa na giza, Bibi alipanda. Alipumzika mara saba. Akakaa kwenye kigoda kati ya kamba za nguo, akavua miwani, akailalamikia, akampa Mama aishike, akajikohoza, akauliza kama kigoda kimefupishwa. Dakika tatu zilipita, na mota iliendelea kunguruma. Akainama. Sikusikia ile “nimeona”. Alibaki ameinama vilevile hata Mama akamgusa bega. Ndipo akasema taratibu, “Kumbe kweli ina pete.”

Halafu akakumbuka aliyokuwa akisema miaka miwili. Aliinua uso akanitazama, nami nikamtazama. Alisema nisimkasirikie, kwamba kila mara alikuwa anakuta weusi mtupu, lakini nilikuwa nasimama pembeni na uso wa mtu anayesubiri matokeo, na hakuwa na roho ya kunifelisha. Nilimwambia najua tangu siku ya kifuniko. Alicheka mpaka akashika mbavu, akarudi kwenye kioo. Zohali ilikuwa palepale.

Sasa ile sehemu yangu. Barua yangu iliyopita niliiandika siku ya pili baada ya stendi kufika. Nilikuandikia kwamba inafanya kazi barabara na kwamba Bibi ameziona pete. Haikuwa kweli. Uliniamini na kazi hii, nikaogopa. Kisha ukanijibu kwamba umewasomea wenzako kambini barua yangu na wote wamepiga makofi. Niliificha barua yako hiyo chini ya godoro kwa sababu sikuweza kuisoma mara ya pili. Naomba unisamehe, Baba. Nilimweleza Bibi jana tulipokuwa tunashuka. Alisimama kwenye ngazi ya kumi na mbili akasema ugonjwa huo ni wa kwake, nimerithi, na kwamba yeye amepona akiwa amebaki na meno manane, kwa hiyo mimi nina bahati ya kupona mapema. Akaniambia niandike leo asubuhi kabla sijanywa chai. Chai imepoa hapa mezani, lakini mimi nimepumua.

Ukiweza, wasomee wenzako na hii pia.

Mama anakusalimu na anaulizia vipimo vya suruali, maana anahisi umepungua. Shangazi amesema kwake kuna ua mpana, na stendi yetu ni nyepesi, kwa hiyo nitakuwa naibeba kwenda huko Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili. Fundi Dakika anasema ukirudi umpitie. Bibi ameketi hapa karibu yangu. Anasema nikuandikie kwamba ameona, na ametia dole gumba hapo chini kama sahihi ili usije ukadhani ni maneno yangu.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Kipimo